Ardhi Ndiyo Isukumayo Gari

Omate haikuwa na barabara. Kulikuwa na njia ya miguu tu, iliyoachana na barabara kuu ya Walikale, ikaingia msituni, ikavuka vijito juu ya magogo, ikapanda na kuteremka mpaka kwenye mashimo ya dhahabu. Kila kitu kilichokuwa Omate kilifika kwa mgongo wa mtu: chumvi, sukari, bia, shitingi za kuezekea vibanda, pampu za kunyonyea maji shimoni na petroli ya kuziendeshea. Kilichotoka kilitoka mfukoni. Dhahabu haidai lori. Mnunuzi aliipima kwa mizani ndogo ya mkononi, vijiti vya kiberiti vikiwa ndiyo mawe ya upande wa pili, na mchimbaji aliyebahatika aliweza kuondoka na jasho la miezi akiwa amelifunga kwenye fundo la kitambaa.

Nazungumzia miaka ya 2008 mpaka 2010. Nilikuwa konvuayeri, yaani msaidizi wa dereva, katika lori la Fuso lililofanya kazi kwenye kipande cha barabara kati ya Njingala, Mubi na Walikale yenyewe, Kivu Kaskazini. Riziki yetu haikutegemea dhahabu ya Omate. Ilitegemea kasiterite ya mlima wa Bisie, mawe meusi yanayoyeyushwa kuwa bati. Gunia la kilo 50 la kasiterite ni kitu kidogo. Ukilikuta chini unadhani mtoto atalichukua. Liinue ndipo utajua. Wapagazi walilitoa mlimani kwa mgongo, kamba ikiwakata kwenye paji la uso, mwendo wa siku mbili msituni kwa mwenye miguu imara, mpaka Njingala. Pale tulilipokea sisi, tukalipeleka Kilambo, na Kilambo likapandishwa ndege kwenda Goma.

Dereva wetu tulimwita Mzee, basi. Alikuwa amejifunza udereva zamani, enzi ya Mobutu, wakati lori lilipoweza kutoka Bukavu mpaka Kisangani na watu wakaliona kuwa jambo la kawaida. Hakuwa msemaji. Alipokaa nyuma ya usukani alisikiliza injini kwa upande mmoja wa kichwa na matairi kwa upande mwingine, na ukimsemesha wakati huo hakujibu.

Asiyepaona Kilambo hawezi kuelewa vizuri. Lami iliyowekwa enzi hiyohiyo ya Mobutu ilikuwa imeliwa na msitu mahali pengi, lakini Kilambo kulibaki kipande kilichonyooka, na juu ya kipande hicho cha barabara ya kawaida, iliyopita watu na mbuzi na baiskeli, ndege ndogo za aina ya Let 410 na Antonov zilitua na kuruka. Zilitoka Goma kwa sababu barabara ya Goma, Sake, Masisi mpaka Walikale ilikuwa imeharibika kiasi kwamba lori lililoondoka hakuna aliyethubutu kutaja siku ya kufika. Mlio ulipoanza kusikika, wenye bunduki walifunga bariyeri, akina mama wakaondoa mabeseni yao ya ndizi pembeni, na ndege ikashuka katikati ya miti kama vile hapakuwa na mtu. Iligeuzwa, ikashusha bia na mabati na nguo, ikapakiwa magunia ya karibu tani mbili, ikarudi mwisho wa lami. Rubani alishika breki, akapandisha injini mpaka majani ya kando yakalala, kisha akaachia.

Mara nyingi kijana wa pikipiki aliondoka pembeni wakati huohuo, kwenye njia ya udongo mgumu iliyofuatana na lami. Nakumbuka vizuri kwa sababu kila mara ilitokea vilevile: pikipiki ilitangulia. Ilitangulia hatua ishirini, thelathini, watu wakashangilia, halafu ndege ikaipita na pikipiki ikaonekana kama imesimama. Nilimuuliza Mzee ni kwa nini ndege yenye injini mbili kubwa inashindwa na pikipiki mwanzoni, halafu inaishinda vibaya baadaye. Akanijibu, "Kijana, ndege inasukuma upepo. Siye tunasukuma udongo." Kisha akawasha Fuso.

Jibu hilo lilikuwa kamili. Miaka baadaye, nilipokuwa nasomea ualimu wa fizikia, nililipigia hesabu. Let 410 iliyojaa ina uzito wa zaidi ya tani 6, na inapaswa kufika karibu kilomita 150 kwa saa ndipo iache ardhi. Ikifanya hivyo ndani ya nusu kilomita, maana yake kila sekunde inajiongezea mwendo usiofika mita 2 kwa sekunde. Hiyo ni polepole. Pikipiki nyepesi kwenye udongo mkavu inaweza kuanza kwa mara mbili ya hapo. Tofauti iko katika kudumu. Kadiri pikipiki inavyoenda mbio ndivyo injini yake ndogo inavyobaki na kidogo cha kusukumia, kwa sababu nguvu ya injini inagawanywa kwa mwendo: ukiwa na mwendo mara mbili, msukumo unaobaki ni nusu. Ndege nayo ina akiba kubwa ya nguvu ya kutumia kwenye mwendo mkubwa, na panga zake haziulizi chini kuna lami au kuna tope. Magurudumu yake yanazunguka bure tu, yanabeba, hayasukumi chochote.

Yetu yalisukuma. Na mahali lami ilipokwisha, ndipo tulipojua ardhi ina kauli gani juu ya mwendo wa gari.

Kulikuwa na mpando mmoja wa udongo mwekundu, haukuwa mkali, mgeni angeupita kwa miguu bila kuuona kuwa ni mlima. Mvua ikinyesha ulituweka pale mpaka jioni. Mzee alishuka kwanza, akakata kijiti, akakichomeka kwenye tope hapa na pale kujua udongo mgumu uko umbali gani chini. Kama kijiti kiligota haraka, alirudi akapunguza upepo katika matairi ya nyuma, ili yalale na kukamata eneo kubwa zaidi, kazi ambayo mimi niliilipia baadaye kwa pampu ya mkono. Kama kijiti kilizama tu, tulifunga minyororo na kukata miti ya kutandika. Halafu alianza kwa vitesi, yaani gia, ya pili badala ya ya kwanza, polepole, mguu ukiachia klachi kidogo kidogo. Madereva vijana waliotoka mjini walifanya kinyume: vitesi ya kwanza, mafuta mpaka chini, injini inalia, magurudumu yanazunguka, tope linarushwa juu ya turubai, na lori linachimba kaburi lake lenyewe. Mzee hakuwahi kuwacheka. Aliwaambia, "Muache gurudumu lishike. Likisha kuteleza, haliko gurudumu tena, liko jembe."

Gurudumu linaloviringika bila kuteleza linashikana na ardhi kwa nguvu kubwa kuliko linaloteleza. Hilo liko katika kila kitabu cha fizikia, na ndiyo sababu magari ya kisasa yana kompyuta inayopunguza nguvu ya injini pale gurudumu linapotaka kuteleza. Mzee alikuwa na kompyuta hiyo katika kifundo cha mguu wa kushoto.

Kuna jambo moja la mpando ule ambalo liliniudhi kwa muda mrefu. Asubuhi tulipita na mzigo. Jioni tuliporudi tupu, tukiupanda kwa upande wa pili wenye tope lilelile, lori lilikataa. Nilitegemea kinyume, lori tupu liwe jepesi na lipande kwa urahisi. Mzee aliwaita watu waliokuwa wakitembea kando ya barabara, akawaomba wasimame nyuma kabisa, juu ya ubao wa mwisho, wengine wakining'inia. "Mama, na wewe panda, utafika Mubi bure." Lori likaondoka.

Hesabu yake ni hii. Fuso letu lilisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Tuseme lori lililojaa lina tani 10, na 7 kati ya hizo zimekalia mhimili wa nyuma. Kwenye tope la namna ile tairi linapata msukumo wa takriban sehemu moja ya tano ya uzito uliolikalia, yaani tani 1.4. Tope lenyewe linazuia magurudumu kuviringika, na kizuizi hicho, kama chini kuna udongo mgumu, ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wote, yaani tani 1. Inabaki tani 0.4 ya kupandia, inayotosha mwinuko wa mita 4 katika kila mita 100. Sasa lichukue lori tupu, tani 4, nusu mbele kwenye injini na nusu nyuma. Tani 2 za nyuma zinatoa msukumo wa tani 0.4. Tope linadai tani 0.4. Hakuna kilichobaki. Hata kwenye tambarare lori hilo haliwezi kuongeza mwendo, na ukilipa injini yenye nguvu mara kumi hali haitabadilika hata kidogo. Watu kumi wa nyuma wanaongeza karibu nusu tani, mahali pale pale panapohitajika.

Tope, kwa hiyo, linakula mara mbili: linapunguza kinachokusukuma na linaongeza kinachokuzuia. Lami inafanya kinyume kwa pande zote mbili, na ndiyo sababu kwenye lami ya Kilambo Fuso lilelile halikuzuiwa na ardhi. Lilizuiwa na injini yake. Injini ya kilowati 100, karibu nguvu farasi 136, kwa lori la tani 10 linalokwenda kilomita 36 kwa saa, haiwezi kuongeza zaidi ya mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde, hata kama lami ingekubali mara tano ya hapo. Gari lolote duniani liko chini ya wakubwa hao wawili, ardhi na injini, na wakati wowote linamtii yule aliye mchoyo zaidi.

Omate niliyaona haya yakipimwa kwa macho yangu.

Tulikwenda huko kumpelekea mfanyabiashara mmoja vipuri vya pampu na petroli. Mzee mwenyewe alitaka kwenda, kwa sababu deni lilikuwa lake. Tuliliacha lori kando ya barabara chini ya ulinzi wa kijana wa pale, tukaajiri wapagazi, tukaingia msituni. Sitaieleza njia yote. Aliyepita msitu wa Walikale wakati wa mvua anaijua, na asiyepita hatanufaika na mizizi na siafu wangu. Tulifika jioni. Vibanda vya shitingi vilikuwa vimesongamana kwenye mteremko uliokatwa miti, moshi ukitambaa chini kwa chini, sombe na dagaa wakinukia, na kila upande lugha: Kinyanga, Kitembo, Kihunde cha watu waliotoka Masisi, Mashi ya watu wa Bukavu, na Kiswahili cha kuwaunganisha wote. Pampu hazikulala. Zilikohoa usiku kucha juu ya mashimo, kwa sababu zikinyamaza maji yanapanda na kazi ya wiki inazama.

Kulikuwa na kibanda chenye jenereta na televisheni ndogo, na usiku ule waliweka filamu ya mbio za magari. Watu walijaa mpaka nje. Ilipokwisha, ubishi ukaanza, na ubishi wa wachimbaji hauna mzaha, kwa sababu mtu aliyeshinda chini ya ardhi siku nzima anataka akitoka aseme kitu na kisikilizwe. Mmoja alisema gari la Wajerumani halina mpinzani. Mwingine akasema ni dereva, gari si kitu. Kijana mmoja wa Masisi, mrefu, mwenye kovu la jiwe kwenye bega, akasimama. "Mimi nimeona ndege za Kilambo. Chukueni injini ya ndege muitie katika motokari. Hakuna kitakachoifikia."

Walikubaliana naye karibu wote. Hapo Mzee, ambaye hakuwa amesema neno, akamwambia, "Mdogo wangu, utachimba shimo kubwa kuliko hili lenu."

Kelele zikapanda. Mzee akaomba vitu vinne. Akaomba kidumu cha lita 20 kilichojaa maji. Akaomba kiatu cha tairi, vile viatu vinavyokatwa kwenye matairi makuukuu. Akaomba ubao mkavu. Akaomba mizani ya ndoano, ile ya kuning'iniza, ambayo wafanyabiashara walipimia mizigo ya wapagazi. Alisema alimwona fundi mmoja wa Kisangani akifanya hivyo zamani kumaliza ubishi wa madereva. Akafunga kiatu chini ya kidumu, akaweka juu ya ubao, akatia ndoano kwenye kamba na kuvuta taratibu, kwa usawa wa ardhi, taa ya mkononi ikimulika namba. Mshale ukasogea: 5, 8, 11. Kidumu kimetulia. Ulipofika karibu 14 kidumu kikaondoka ghafla. Akarudia, 14 tena. Akachota tope nje, akalipaka ubao, akavuta. Mshale haukufika 5, kidumu kikateleza.

"Ongeza kingine," mtu akasema. Wakafunga kidumu cha pili juu ya cha kwanza. Kwenye ubao mkavu mshale ulifika 28 hivi. Kwenye tope, 9.

Nimeona maabara nyingi tangu siku ile na sijaona jaribio lililokwenda moja kwa moja kwenye kiini cha jambo kuliko lile. Uzito ukizidi mara mbili, ushikaji unazidi mara mbili, na kwa kuwa kitu kizito mara mbili kinahitaji msukumo mara mbili kuongezwa mwendo uleule, faida yote inafutika. Lori na gari dogo, kama yote yanasukumwa na magurudumu yote na yana matairi ya mpira uleule, yana kikomo kimoja. Kinachobaki ni uwiano tu: 14 kwa 20, ambao ni 0.7 kwa ubao mkavu, na takriban 0.2 kwa tope. Mzee alinyoosha kidole kwenye mshale na kusema, "Hii ndiyo barabara inakukopesha. Injini ni ya kwako, lakini hii si ya kwako."

Yule kijana wa Masisi aliukodolea macho ubao ule. Kisha akauliza swali zuri kuliko yote ya usiku ule. "Na kama barabara ikikopesha yote? Ishirini kwa ishirini?"

Mzee alifikiri. Akainuka, akatoka nje ya kibanda mpaka ukingo wa shimo lililokuwa karibu, sisi nyuma yake. Akaokota jiwe. Wachimbaji wawili watatu walimkataza kwa sauti moja, kwa sababu huko chini watu walikuwa kazini na jiwe linaloanguka shimoni ndilo jambo wanaloliogopa kuliko askari. Hakulitupa. Alilishika tu juu ya giza la shimo na kusema, "Ishirini kwa ishirini, motokari inaenda mbele kama hili lingeenda chini."

Sijui aliupata wapi ukweli huo. Ni sahihi kabisa. Gari linaloshikwa na ardhi kwa nguvu iliyo sawa na uzito wake wote linaongeza mwendo kama kitu kinachoanguka, mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Jiwe la Omate likiachiwa linaanguka mita 5 katika sekunde ya kwanza, na ikitimia ya pili limeshuka karibu mita 20. Likikuta shimo la kutosha, baada ya sekunde 2.8 linakuwa na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, likiwa limeshuka mita 39. Hizo sekunde 2.8 ndizo mpaka wa zamani wa magari ya kawaida ya barabarani. Magari ya fahari yanayouzwa kwa bei ya kijiji kizima yaliusogelea mpaka huo kwa miaka mingi kwa kuongeza injini, na yakakuta kwamba injini haikuwa tena tatizo. Tatizo lilikuwa viganja vinne vya mpira vinavyogusa lami.

Wachimbaji walielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wa leo. Mtu anayeishi chini ya mawe anajua kuanguka kunavyokwenda. Mmoja alitikisa kichwa na kusema basi mwenye gari kama hilo ni sawa na mtu aliyejitupa shimoni kwa upande. Wakacheka, jenereta ikazimwa kuokoa petroli, tukalala.

Laiti ningekutana tena na yule kijana mrefu, kwa sababu dunia imeendelea kumjibu. Tarehe 15 Oktoba 1997, kabla hata hatujabishana, gari la Waingereza liitwalo ThrustSSC, likiendeshwa na rubani Andy Green, lilikimbia kwenye jangwa la Black Rock huko Nevada, Marekani, kwa kilomita 1,228 kwa saa, likaupita mwendo wa sauti. Lilikuwa na injini mbili za ndege za kivita. Kwa hiyo wazo lake halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Lilihitaji sharti moja, kwamba injini isizungushe magurudumu, isukume kwa kutupa hewa nyuma, kama ndege za Kilambo.

Na mwaka 2023 wanafunzi wa Uswisi, wa chuo kikuu cha ETH Zürich na chuo cha Lucerne, waliuvunja ule mpaka wa jiwe kwa namna nyingine. Gari lao la umeme, mythen, lina kilo 140 hivi na kilowati 240, yaani zaidi ya mara mbili ya nguvu ya Fuso letu katika chombo chepesi kuliko magunia matatu ya kasiterite. Kila gurudumu lina mota yake, kwa hiyo hakuna uzito unaokaa mahali usikosukuma. Lakini hayo yote yangelifikisha kwenye kiatu cha Mzee na kulikwamisha hapo. Walichoongeza ni kifaa kinachonyonya hewa chini ya gari, kama pampu inyonyavyo maji shimoni, ili hewa ya juu ilikandamize gari kwenye lami. Ardhi inadhani gari ni zito, inalikopesha msukumo wa gari zito, wakati gari lenyewe bado ni jepesi. Lilitoka kusimama mpaka kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 0.956, ndani ya mita 12.3. Hiyo ni karibu mara tatu ya jiwe linaloanguka, na umbali wote ni kama malori mawili ya Fuso yaliyopangwa moja nyuma ya jingine.

Nilipoisoma habari hiyo niliwaza watu wa ubao wa nyuma. Yule mama wa Mubi alifanya kazi ile ile ya kukandamiza magurudumu, isipokuwa alikuja na uzito wake na lori likalazimika kuubeba. Hewa haibebwi.

Maisha yale yalikatika upesi. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na marufuku hiyo ikadumu mpaka Machi 2011. Kilambo iliyokuwa na sauti mchana kutwa ikawa barabara tu. Magunia yalirundikana, wapagazi wakatawanyika, bei ya chumvi ikapanda kwa sababu ndege zilizokuwa zikija kuchukua mawe ndizo zilizoleta chumvi. Mzee aliligeuza lori kuelekea Kisangani alikotoka. Mimi nilipata nafasi katika ndege ya mizigo kwenda Goma, nikakaa juu ya turubai lililokunjwa, na rubani alipoachia breki nilihesabu kimya kimya sekunde mpaka magurudumu yalipoiacha lami. Ni kitambo kirefu kuliko mtu anavyodhani akiwa ametazama kutoka nje.

Sasa nafundisha, na vidumu viwili na kiatu cha tairi ndiyo maabara yangu ya sura ya msuguano. Goma tuna jiwe la volkano kila mahali, jeusi, lenye makali ya kuparuza, na wanafunzi hupenda kuona mshale ukipanda juu yake zaidi ya kwenye ubao. Hapo ndipo huuliza mbona basi chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, haiyafikii magari, na tunazungumza juu ya chombo kisicho na injini kabisa, ambacho kwenye mteremko kinapewa mwendo na uzito wake wenyewe na kwenye mpando kinasukumwa na mwenye nacho.

Mwaka juzi msichana mmoja wa darasa la tano, ambaye kaka yake anaendesha pikipiki ya abiria upande wa Walikale, alikataa kwamba hesabu yangu imekamilika. Alisema pikipiki ya kaka yake haitelezi kwenye mpando mkavu, na injini bado ina nguvu, lakini haiwezi kuongeza mwendo kwa sababu gurudumu la mbele linainuka. Alikuwa sahihi, na tulitumia kipindi kizima kwa swali lake. Pikipiki iliyofungwa gunia nyuma ya mhimili wake wa nyuma tayari imeshaliondolea gurudumu la mbele sehemu ya uzito. Mpando unaondoa nyingine. Na kila kuongeza mwendo kunaondoa zaidi, mpaka chombo kinataka kupinduka kabla tairi halijafika mwisho wa kushika. Huo ni mpaka wa tatu, mbali na ardhi na injini: urefu wa mzigo kutoka chini na mahali ulipokaa. Magari ya mashindano ya kasi huwekewa vigurudumu vidogo nyuma kwa sababu hiyohiyo. Nilimuuliza kaka yake anafanyaje. Akasema anamkalisha abiria mbele, juu ya tangi, gunia analilaza chini upande kwa upande, na anapanda amesimama, kifua juu ya usukani.